Mita moja, mfuko mmoja: namna ya kuchangisha uwanja wa skeiti wa kumbukumbu mtaani

Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya mtaa wetu hapa Mombasa tulipojenga uwanja wa skeiti kwa jina la kijana aliyekuwa akiwafundisha watoto skeiti, yaani kuteleza juu ya ubao wa magurudumu, kwenye lami ya barabara. Lori lilimgonga kwenye lami hiyo hiyo. Sote hapa tunajua kuchangia msiba: jua halijazama, turubai limefungwa, sufuria zimekuja, wageni wamekula. Zege haliendi hivyo. Zege huchukua miezi, na aliyetoa bila kuulizwa siku ya matanga hapokei simu ukifika mwezi wa sita wa kazi. Mwongozo huu ni wa kukuvusha mwezi wa sita.

Hatua ya 1: Anzia kwa mama, diwani baadaye

Tulikwenda watu watatu baada ya arobaini. Tulipomaliza kueleza, mama yake alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Wanangu, na mtoto wa mwenzangu akivunjika mguu hapo, si watasema ni uwanja wa marehemu uliomvunja?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tulirudi wiki ya pili na masharti aliyotutaka tuyaandike: kofia ngumu kwa kila mtoto anayejifunza, hakuna kucheza usiku, na bomba la maji ya kunywa nje ya ukuta ambalo hata mpita njia atalitumia. Hilo la maji lilikuja kutufaa kuliko tulivyodhani. Baadhi ya wazee walikuwa na shaka kama mahali pa mchezo panaweza kuhesabiwa sadaka jaria, ile ambayo thawabu zake humfuata marehemu. Kuhusu maji hakuna aliyekuwa na shaka.

Pata ridhaa ya familia kwa maandishi, jambo kwa jambo: jina, picha, maneno ya kibao. Picha ndiyo inayoleta matatizo. Ukishaituma kwenye makundi ya WhatsApp huwezi kuirudisha, na mama atakutana nayo kwenye simu za watu asiowajua. Sisi tulikubaliwa jina tu. Jina linatosha. Huko Marekani, jiji la Sacramento liliupa uwanja wa skeiti jina la Tyre Nichols, kijana aliyekuwa akiteleza hapo kabla ya kuuawa kwa kipigo cha polisi Memphis mwaka 2023, na kila anayeingia na ubao wake hulitamka jina hilo anapowaelekeza wenzake.

Hatua ya 2: Ardhi kabla ya shilingi ya kwanza

Hapa ndipo tulipokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tulikuwa na kiwanja cha wazi ambacho kila mtu alikiita cha umma. Afisa mmoja akatuambia kwa mdomo, "Endeleeni tu." Tukaendelea. Watu walileta simiti kwa mikokoteni, nasi tukaipanga kwenye stoo ya jirani. Barua ya ruhusa ilichukua miezi minne, kwa sababu ramani ilionyesha sehemu ya kiwanja ni njia ya maji ya mvua. Unyevu wa pwani haungoji barua. Tulipofungua mifuko tukakuta mabonge. Simiti iliyokaa miezi mitatu mahali penye unyevu imeshapoteza nguvu nyingi, na iliyoganda haifai hata ukiiponda upya. Tuliitumia kujaza mashimo ya kichochoro, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya baraza kueleza.

Kwa hiyo: tafuta rekodi ya kiwanja kwenye ofisi ya ardhi, pata barua ya kaunti inayotaja namba ya kiwanja, ukubwa, matumizi na muda, kisha mlete mpima aweke alama. Nenda pia kukitazama kiwanja mvua kubwa ikinyesha. Ukikuta bata wanaogelea, tafuta pengine.

Ofisini utaulizwa skeiti ni nini. Usianze na maelezo marefu. Waambie mchezo huu uliingia Olimpiki kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Waambie Kampala ina uwanja Kitintale tangu 2006, uliojengwa kwa mikono ya vijana wenyewe, na Nairobi upo kwenye makao ya watoto ya Shangilia, Kangemi, tangu 2013, kwa msaada wa shirika la Ujerumani la skate-aid. Accra walifungua wao Desemba 2021. Afisa akisikia kwamba si wa kwanza kuweka sahihi, kalamu huwa nyepesi.

Hatua ya 3: Kikundi na akaunti

Hii ni fupi. Kenya, sheria ya usajili wa vikundi vya jamii ya 2022 inataka watu kumi au zaidi, katiba na kumbukumbu za kikao cha kwanza. Fungua akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, mmoja wao kutoka familia ya marehemu, na uiunganishe na Paybill, namba ya malipo ya M-Pesa ya kikundi.

Usichangishe kwa namba ya simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni imamu. Kwanza, laini ya M-Pesa haibebi zaidi ya shilingi 500,000. Pili, siku mtoto wake akiugua saa nane usiku, pesa zitakuwa mkononi mwake naye ni binadamu. Na kabla ya kuzungusha mikebe barabarani, uliza kuhusu leseni: michango ya hadhara ina sheria yake, Sura ya 106.

Hatua ya 4: Geuza uwanja uwe mita

Usimwambie mtu unatafuta mamilioni. Atakupa mia mbili na dua.

Chukua kalamu. Sakafu ya skeiti ya sentimita 12 inachukua mita za ujazo 0.12 za zege kwa kila mita ya mraba. Zege imara la kipimo 1 cha simiti, 1 na nusu cha mchanga na 3 vya kokoto hula karibu mifuko 8 ya kilo 50 kwa mita ya ujazo. Zidisha 0.12 kwa 8: unapata 0.96. Maana yake mita moja ya mraba ni mfuko mmoja wa simiti, na kinachobaki ni vumbi la kumwagika. Hesabu hii niliiandika nyuma ya risiti ya hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi, na ndiyo iliyotujengea uwanja, kwa sababu mfuko wa simiti kila mtu anaujua bei.

Ila usiuze mita kwa bei ya mfuko. Mita inataka pia mchanga, kokoto, mawe ya kushindilia chini, wavu wa chuma wa BRC, maji, fundi na chakula cha fundi. Kwetu simiti ilikuwa chini ya theluthi moja ya gharama. Chukua bei za hadiwea tatu, jumlisha kila kitu, ongeza sehemu moja ya kumi kwa mambo ya ghafla, gawanya kwa idadi ya mita. Hiyo ndiyo bei ya mita. Nusu mita iwepo, robo iwepo. Watoto wa madrasa walinunua mita mbili kwa sarafu, ikabidi nizihesabu mara tatu.

Gawa ujenzi. Ndoto yetu ilikuwa mita 300. Awamu ya kwanza tukaifanya 150. Hizo ni mita za ujazo 18 za zege, mifuko 144, na roli mbili za BRC. Lengo la mifuko 144 mtu analiona mwisho wake. Likitimia, jenga, watu wakanyage, ndipo uanze la pili. Mwezi wa sita ukifika, tayari kuna kitu cha kumwonyesha aliyechoka.

Hatua ya 5: Kuchangisha kwenyewe

Ahadi si pesa. Tulikuwa na daftari mbili, ya ahadi na ya pesa, na kwenye kikao ilisomwa ya pesa tu. Aliyetaka kutajwa alilipa.

Anza na walio karibu na marehemu: watoto aliowafundisha, wazazi wao, kijiwe chake cha kahawa. Mtu wa mbali akiuliza "wenyewe mmetoa ngapi?", uwe na jibu. Sisi tulingoja tufike mita 30 ndipo tukawatumia ndugu zetu walio Muscat, Dubai na Uingereza. Hatukuwatumia barua. Tuliwatumia sauti ya mtoto mmoja akitaja hatua alizofundishwa, na nyuma yake magurudumu yakilia kwenye lami. Asubuhi yake simu yangu haikunyamaza.

Wanasiasa? Wapokee. Lakini weka kanuni mapema: anayetaka kipaza sauti pesa yake iingie kwanza kwenye akaunti, na hakuna bango la mtu ukutani. Mmoja alikasirika akaondoka. Mwingine alilipa mita kumi na hakusema neno. Simtaji kwa sababu aliomba nisimtaje.

Maduka yaombe vitu badala ya pesa, ila visiletwe. Hadiwea akitoa mifuko ishirini, chukua barua yake yenye mhuri na uifuate mifuko juma la kumwaga zege. Nimeshaeleza kwa nini.

Kila Ijumaa jioni nilibandika hesabu mahali pawili: kwenye kundi la WhatsApp na kwenye mlango wa duka la mkate. Kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na picha ya risiti. Wiki isiyoingia kitu niliandika sifuri. Sifuri ile iliwahi kuleta mita nne ndani ya siku moja.

Hatua ya 6: Kumwaga

Tafuta fundi wa sakafu, kisha umkalishe na kijana anayeteleza. Fundi wetu alitaka kuchora mistari ili sakafu isiteleze, wakati sisi tulitaka iwe laini kama sahani. Wapeane lugha kabla mashine ya kuchanganyia haijawashwa.

Usikubali mchanga wa ufuoni hata ukipewa bure: chumvi yake hula chuma. Bomba la chuma la ukingo wa rampu, yaani mteremko wa kutelezea, liwe limepakwa zinki, maana upepo wa bahari nao una chumvi. Sakafu iwe na mwinamo wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ili maji yaondoke, na mikato kila mita 3 au 4 ili nyufa zifuate mikato badala ya kujichagulia njia.

Epuka masika. Wakati wa kaskazi anza alfajiri, maana jua la saa tano hukausha uso wa zege kabla ya tumbo lake. Baada ya hapo funika kwa magunia na uyaloweshe siku saba bila kukosa. Kazi hiyo tuliwapa watoto kwa zamu, na mabishano ya zamu yalikuwa makali kuliko kikao chochote cha kamati.

Hatua ya 7: Baada ya kufungua

Ngoja siku 28. Watakusumbua, ngoja. Acha kwenye akaunti pesa ya mwaka mmoja ya maji, rangi na kofia, ndipo ufunge hesabu za awamu.

Kisha nunua ufagio. Kokoto moja ndogo ikiingia chini ya gurudumu, ubao husimama na mwenyewe huendelea. Wa kwetu hukaa kwa muuza kahawa wa kona, na anayetaka kuteleza wa kwanza asubuhi ndiye anayefagia.