Jinsi ya kupiga hesabu ya ovataimu yako na kuidai kwa mwajiri

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi kwenye ghala moja Dar es Salaam, mshahara wa msingi Sh 390,000. Kila kontena la marumaru lilipoingia, vijana walibaki kushusha mpaka saa 3 usiku. Mwisho wa mwezi kila mmoja alipewa "posho ya ovataimu" ya Sh 50,000, awe amebaki siku mbili au siku kumi. Hakuna aliyejua hiyo elfu hamsini ilipatikanaje. Siku tuliyokaa na daftari lake tukapiga hesabu, tulikuta alistahili zaidi ya mara mbili ya hizo. Naiandika hapa hatua kwa hatua kama tulivyoifanya, kwa sababu najua kuna wengi wanapokea hiyo posho na kushukuru.

Mwongozo huu ni wa sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2005. Pia kama wewe ni meneja unayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na unaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu, kanuni za saa za kazi hazikuhusu.

Hatua ya 1: Jua saa zako za kawaida zinaishia wapi

Kikomo cha kawaida ni siku 6 kwa wiki, saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Ukivuka hapo, umeingia kwenye ovataimu. Ovataimu lazima mkubaliane, haitakiwi kuzidi saa 50 ndani ya wiki nne, na ukijumlisha kila kitu siku moja isizidi saa 12.

Mdogo wangu aliingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na saa moja ya kula katikati. Hizo ni saa 8. Jumatatu mpaka Ijumaa saa 40, Jumamosi saa 5, jumla 45. Wiki yake ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo kila saa aliyobaki baada ya saa 11 jioni ilikuwa ovataimu, hata kama siku hiyo hajafika saa 9. Saa ya mapumziko hailipwi, ila kama unatakiwa kubaki kazini tayari kwa lolote, basi hiyo ni kazi na ihesabiwe. Walinzi wengi wanapunjwa hapa: mtu anakula ubwabwa huku jicho liko getini, halafu anaambiwa alikuwa mapumzikoni.

Soma mkataba wako pia. Yapo makubaliano ya maandishi yanayoruhusu kufanya kazi mpaka saa 12 kwa siku bila ovataimu, lakini kwa siku zisizozidi 5 kwa wiki, na zile saa 45 zinabaki palepale. Anayefanya saa 12 kwa siku 6 hawezi kuambiwa kwamba makubaliano hayo yamemaliza kila kitu.

Hatua ya 2: Tafuta thamani ya saa yako moja

Chukua mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba, nauli na chakula ziweke pembeni. Zidisha saa zako za kawaida za wiki kwa 4.333, halafu gawa mshahara kwa jibu utakalopata:

45 × 4.333 = 194.985, yaani karibu 195
390,000 ÷ 195 = Sh 2,000 kwa saa

Kuwa makini hapa kuliko mahali pengine popote. Nimeona slipu ambayo mhasibu aligawa mshahara kwa siku 30, kisha akagawa tena kwa saa 9. Ukifanya hivyo, 390,000 inatoa Sh 1,444 kwa saa, na kosa hilo linaenda mpaka kwenye ovataimu, Jumapili na sikukuu. Mwezi una siku 30, lakini wewe hukuajiriwa kufanya kazi siku zote 30.

Hatua ya 3: Weka viwango

Ovataimu ya kawaida hailipwi chini ya mara moja na nusu: Sh 3,000 kwa saa. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu ya kitaifa ni mara mbili: Sh 4,000 kwa saa. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5. Ikiwa saa hiyo ya usiku ni ya ovataimu, hiyo asilimia 5 inapigwa juu ya 3,000, si juu ya 2,000, kwa hiyo inakuwa Sh 3,150.

Mwezi ule mdogo wangu alibaki siku 6 mpaka saa 3 usiku na akaitwa Jumapili moja kwa saa 8:

Saa 11 jioni mpaka saa 2 usiku: saa 3 × siku 6 = 18 × 3,000 = 54,000
Saa 2 mpaka saa 3 usiku: saa 1 × siku 6 = 6 × 3,150 = 18,900
Jumapili: 8 × 4,000 = 32,000
Jumla: Sh 104,900

Kodi ya mshahara itakatwa humo, kwa hiyo usishangae mkononi ikipungua.

Hatua ya 4: Andaa ushahidi

Mwajiri ndiye anayetakiwa kutunza kumbukumbu, lakini usimwachie peke yake. Daftari la mdogo wangu lilikuwa la kurasa 40, la shule, lenye mistari ya namna hii: "Jumanne 12/8, marumaru, nimetoka saa 3 usiku", na pembeni sahihi ya msimamizi wa zamu. Andika siku hiyohiyo. Tunza slipu, nakala ya mkataba, picha ya ratiba ya zamu na ujumbe wa simu unaokuita kazini.

Hatua ya 5: Dai

Anza na barua kwa afisa rasilimali watu ukiambatisha hesabu yako, nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama una chama cha wafanyakazi, pitia kwa katibu wa tawi. Unaweza pia kwenda kwa Afisa Kazi wa mkoa. Yeye ana mamlaka ya kuingia, kukagua kumbukumbu na kumwamuru mwajiri afuate sheria.

Wakikaa kimya, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kwa madai ya namna hii una siku 60 tangu mgogoro ulipojitokeza, basi usirundike miezi ukisubiri ahadi. Jaza fomu CMA F.1: majina na anuani, aina ya mgogoro, tarehe, hatua mlizochukua na unachodai kwa tarakimu. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi tu, iache wazi. Mpelekee mwajiri nakala kwanza na uchukue uthibitisho wa kupokea, ndipo usajili fomu kwenye ofisi ya Tume ya eneo lako. Umechelewa? Kuna fomu CMA F.2 ya kuomba kuongezewa muda, nayo inataka sababu ya kweli kwa kila siku iliyopita.

Mtaanza na usuluhishi, ambao kisheria una siku 30, na usipofanikiwa shauri linaenda kwa mwamuzi. Mkipatana kwenye usuluhishi, kabla hujaweka sahihi hakikisha karatasi imeandika kiasi kamili, tarehe ya malipo na miezi inayolipiwa.