Jinsi ya Kupima Iwapo Wahakiki Ndio Wanaokuchagulia Filamu

Jirani yangu hapa Migosi, Kisumu, hushikilia kwamba hajawahi kuchagua filamu kwa sababu ya mhakiki yeyote, ilhali kila Ijumaa jioni, kabla hajatoa pesa mfukoni, humuuliza kijana wa duka la muvi pale Kondele swali lile lile: "Hii iko aje?" Kijana hujibu kwa neno moja au mawili, na kwa neno hilo filamu huingia kwenye flashi au hubaki dukani. Kwa maoni yangu huo ni uhakiki kamili, tena una nguvu kuliko ule unaochapishwa New York, kwa kuwa anayeutoa anamjua mteja wake, anakumbuka kwamba wiki iliyopita alirudi akilalamika, na angependa arudi tena wiki ijayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu kama jirani yangu, na pia kwa ajili ya watu kama mimi, ambao husoma maoni ya wahakiki kwenye simu wakiwa ndani ya matatu kisha huishia kutazama kitu kingine kabisa.

Anza na daftari. Daftari la shule la kurasa 32 linatosha. Chora safu tatu, na katika safu ya kwanza andika, kabla hujatazama filamu, ni nini hasa kilichokufanya uichague: huenda ni staringi unayempenda, trela, rafiki aliyeisifu, DJ aliyeisimulia, bei, au ukweli kwamba ndiyo pekee iliyokuwa ikionyeshwa saa uliyokuwa na nafasi. Katika safu ya pili andika kwa sentensi moja kile mhakiki alichosema, ikiwa ulimsoma; kama hukumsoma, acha pengo. Safu ya tatu ijazwe asubuhi inayofuata, usingizi ukishakwisha, kwa yale uliyoyaona wewe mwenyewe. Sharti la kuandika safu ya kwanza mapema si la urembo, kwa maana mtu akishaipenda filamu huanza kukumbuka kwamba alijua tangu mwanzo kuwa ingekuwa nzuri, na akiichukia hukumbuka kwamba alikuwa ameonywa. Fanya hivyo kwa miezi miwili bila kubadilisha mazoea yako. Mimi nilipofanya zoezi hili, vidole vya mkono mmoja vilitosha kuhesabu filamu ambazo mhakiki alikuwa sababu ya kwanza, na zote zilikuwa filamu ambazo sikujua lolote kuzihusu, hata mwigizaji mmoja.

Jambo hilo la mwisho linafaa kuchunguzwa zaidi, kwa kuwa linapatana na yale ambayo watafiti wa Marekani wamekuwa wakibishana juu yake kwa miongo kadhaa. Mwaka 1997, Jehoshua Eliashberg na Steven Shugan walichapisha utafiti uliouliza swali rahisi: je, mhakiki huwaelekeza watazamaji, au hutabiri tu kile ambacho wangekipenda hata asingeandika neno? Walitazama mapato ya filamu wiki baada ya wiki wakaona kwamba maoni ya wahakiki yalilingana na mapato ya wiki za baadaye na mapato ya jumla, lakini hayakulingana sana na mapato ya wiki za mwanzo. Kama wahakiki ndio wangekuwa wakiwasukuma watu, nguvu yao ingeonekana mwanzoni, wakati maoni yao yangali mapya na majirani hawajaanza kusimuliana. Wahenga walikwisha kulisema: likiwika, lisiwike, kutakucha.

Hata hivyo, usifunge mjadala hapo. Mwaka 2003, Suman Basuroy, Subimal Chatterjee na S. Abraham Ravid waligundua kwamba maoni mabaya huumiza mapato kuliko maoni mazuri yanavyoyasaidia, na kwamba tofauti hiyo huonekana katika wiki ya kwanza. Waligundua pia kwamba nyota maarufu na bajeti kubwa huikinga filamu iliyosemwa vibaya, ilhali filamu iliyosifiwa haipati faida kubwa kutokana na vitu hivyo. Miaka miwili baadaye, David Reinstein na Christopher Snyder walichunguza wahakiki wawili wa televisheni waliokuwa na sauti kubwa Marekani, Gene Siskel na Roger Ebert, wakaona kwamba sifa zao ziliwavuta watu kwenye filamu za drama na kwenye zile zilizoonyeshwa katika kumbi chache, lakini hazikuonekana kuzigusa zile filamu za mapigano na vichekesho zinazofunguliwa kila mahali kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, unapoamua kama umsome mhakiki au usimsome, jiulize kwanza ni filamu ya aina gani. Ikiwa ni sehemu ya nne ya mfululizo ambao umeutazama tangu ukiwa shuleni, usijisumbue. Uamuzi umekwisha kuufanya. Februari 2018, filamu ya Black Panther ilipofanyiwa uzinduzi wake hapa Kisumu, wahakiki wa dunia nzima walikuwa wameisifu kwa kauli karibu moja, na leo bado ina asilimia 96 kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki. Sidhani kama kuna mtu wa Kisumu aliyeihitaji asilimia hiyo. Lupita Nyong'o alikuwa ndani ya filamu, babake alikuwa gavana wa kaunti, na hayo yalitosha. Wahakiki na umati walifika mahali pamoja kwa njia tofauti, na mtu anayetazama kutoka mbali anaweza kudhani kwamba kundi moja lilimfuata mwenzake.

Hali ni tofauti kabisa kwa filamu ndogo isiyokuwa na mabango. Kati Kati, filamu ya Mkenya Mbithi Masya, ilipata tuzo ya FIPRESCI, yaani Shirikisho la Kimataifa la Wahakiki wa Filamu, katika Tamasha la Toronto mwaka 2016. Tuzo hiyo hutolewa na wahakiki wenyewe. Wanasema chema chajiuza na kibaya chajitembeza, lakini kwa filamu sikubaliani na methali hiyo hata kidogo, kwa sababu mimi nilikaa muda mrefu bila kukutana na Kati Kati katika duka lolote nililozoea, na nisingeitafuta kama nisingesoma juu ya tuzo. Hapo ndipo mhakiki anapostahili dakika zako kumi.

Ukishaamua kumsoma, jihadhari na tarakimu, maana ndizo zinazopotosha zaidi. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1998, si alama ya ubora wa filamu. Ni hesabu ya wahakiki wangapi kati ya mia waliiona filamu kuwa afadhali kuliko kutotazama, na ikifika asilimia 60 hupewa nyanya nyekundu, alama ya kwamba wengi wao wameikubali. Chukua mfano wa filamu mbili. Ya kwanza imetazamwa na wahakiki 100, na kila mmoja ameipa 6 kwa 10 huku akipiga miayo. Hiyo inaweza kupata asilimia 100. Ya pili imepewa 9 kwa 10 na wahakiki 70 walioipenda kwa moyo wote, na 4 kwa 10 na wahakiki 30 walioichukia. Hiyo inapata asilimia 70. Kwa wastani wa kawaida, ya kwanza ina 60 na ya pili ina 75. Ukifuata asilimia peke yake, utakuwa umechagua miayo. Tovuti ya Metacritic hutumia wastani, ingawa baadhi ya wahakiki hupewa uzito zaidi ya wengine, na kwa sababu hiyo tarakimu zake huonekana za chini bila ya filamu kuwa mbaya. Tovuti ya IMDb nayo huonyesha kura za watazamaji wa kawaida, wala si za wahakiki, na mashabiki wenye hasira wanaweza kuzivuta juu au chini. Ni kwa sababu ya fujo za namna hiyo kwamba mwezi wa Februari 2019 Rotten Tomatoes iliacha kupokea maoni ya watazamaji kabla filamu haijatoka.

Tazama pia tarehe. Studio huwaonyesha wahakiki filamu mapema na kuwataka wasichapishe lolote kabla ya saa fulani. Saa hiyo ikiwa siku kadhaa kabla ya uzinduzi, studio ina imani na mali yake. Ikiwa ni usiku ule ule wa uzinduzi, au ikiwa wahakiki hawakuonyeshwa kabisa, kuna jambo linalofichwa. Alexander Brown, Colin Camerer na Dan Lovallo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, waligundua kwamba filamu zilizofichwa namna hiyo zilipata pesa zaidi Marekani kuliko filamu nyingine za ubora ule ule, kwa kuwa watazamaji wengi hawakutambua kwamba ukimya nao ni taarifa. Faida hiyo haikuonekana katika nchi za nje wala katika ukodishaji wa kanda, ambako filamu zilifika baada ya habari zake kuenea. Ukikosa maoni yoyote siku ya Alhamisi kuhusu filamu inayofunguliwa Ijumaa, subiri hadi Jumatatu. Haitakimbia.

Katika maoni yenyewe, acha sentensi ya kwanza na ya mwisho, ambazo aghalabu huandikwa ili zinukuliwe, utafute katikati mambo yanayoweza kuthibitishwa. Mhakiki akisema filamu "inachosha", hujajua kitu, kwani kinachomchosha mtu aliyetazama filamu tano wiki hiyo huenda kikawa starehe yako ya mwezi. Akisema kwamba dakika arobaini za mwanzo hazina mazungumzo, au kwamba mapigano yamepigwa picha gizani hata huoni ni nani anayempiga nani, au kwamba mzaha wote unategemea siasa za Marekani, amekupa ushahidi, na uamuzi ni wako. Nimewahi kuchagua filamu kwa sababu ya malalamiko: mhakiki alinung'unika kwamba mzee mmoja na mjukuu wake wanavua samaki kwa nusu saa nzima bila jambo lolote kutokea, nami niliyelelewa karibu na ziwa nikaona kwamba hiyo ni filamu yangu. Sikujuta.

Baada ya hapo tafuta mhakiki mmoja au wawili wa kudumu nao. Njia ya kuwapima ni kuchukua filamu tano unazozifahamu vizuri, mbili unazozipenda, mbili usizozipenda na moja unayoshindwa kuiamua, kisha usome walichoandika. Usitafute anayekubaliana nawe katika zote. Mhakiki unayepingana naye kila mara kwa sababu zile zile anafaa sawasawa na anayekubaliana nawe, mradi asibadilike. Roger Ebert, aliyeandika katika Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2013, na ambaye mwaka 1975 alikuwa mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, alikuwa akieleza kwamba nyota alizozitoa kama alama hulinganisha filamu na nyingine za aina yake: filamu ya mapigano hupimwa kwa filamu za mapigano. Mhakiki akikueleza mizani yake hivyo, unaweza kumtumia hata pale ladha zenu zinapoachana.

Kijana wa duka naye apimwe kwa kanuni hiyo hiyo. Usimuulize "Iko aje?" Muulize ni nani aliyeinunua jana, na kama kuna aliyerudi kulalamika, na alilalamikia nini. Kwa filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng, kama zile za DJ Afro, maoni ya wahakiki wa ng'ambo hayana kazi kubwa, kwani msimulizi huongeza vichekesho, hubadilisha majina na huifanya hadithi dhaifu iwe na chumvi. Huko mtazamaji humchagua msimulizi kwanza, na filamu baadaye. Sioni ubaya wowote. Nimecheka zaidi kwa filamu mbovu iliyosimuliwa vizuri kuliko kwa nyingi zilizosifiwa.

Kwa wazazi kuna neno moja zaidi. Alama za Bodi ya Uainishaji wa Filamu nchini Kenya, kama GE kwa watazamaji wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, 16 na 18, hazisemi lolote kuhusu uzuri wa filamu, na maoni ya mhakiki hayawezi kushika nafasi yake. Filamu iliyosifiwa na dunia nzima inaweza kuwa ya 18. Angalia alama kwanza, mhakiki baadaye.

Miezi miwili ikiisha, rudi kwenye daftari uhesabu. Ikiwa safu ya pili ina mapengo mengi na safu ya tatu inaonyesha kwamba uliridhika, basi wahakiki hawakuongozi, na huna haja ya kujilazimisha kuwasoma kabla. Ikiwa ina maandishi na safu ya tatu imejaa manung'uniko, badilisha mhakiki kabla ya kulaumu filamu. Kwa vyovyote vile, jaribu kuwasoma baada ya kutazama, jambo ambalo wengi wetu hatukulizoea kwa sababu shuleni tulisoma mwongozo wa setbuku kabla ya setbuku yenyewe, na wengine hatukufika kwenye setbuku. Tazama filamu usiku, jaza safu ya tatu asubuhi, kisha ndipo ufungue maoni na kuyaweka kando ya maandishi yako. Safu ya nne inaweza kuchorwa pembeni, pale ambapo mwalimu alikuwa akiweka alama za kusahihisha.