Kabla ya kumpa mzee dawa ya usingizi

Kwanza hakikisha kweli hapati usingizi. Mzee anayepanda kitandani saa mbili usiku na kuamka saa tisa alfajiri amelala muda wa saa saba. Huyo haumwi. Mwache alale baadaye kidogo. Anayeamshwa na goti atibiwe goti. Anayeamka kila mara kwenda haja ndogo, tazama anameza saa ngapi ile dawa ya presha inayokojoza, umuulize daktari kama inaweza kuhamia asubuhi. Chai na kahawa ziishie mchana. Mengine huishia hapo, bila kidonge chochote.

Ikibidi dawa, dozi ya kijana si ya mzee. Zolpidemu, kwa mfano, wazee huandikiwa miligramu 5, si 10. Uliza tangu siku ya kwanza: ya siku ngapi, na tutaiachaje? Kama hukujibiwa, usiondoke.

Sasa kuhusu diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, nitasema zaidi, maana niliyaona kwa mama mkwe wangu. Alipofiwa na mumewe aliandikiwa vidonge vya wiki mbili. Wiki zikapita, vidonge vikaendelea kununuliwa, kwa sababu analala na kila mtu ana amani. Lakini diazepamu hujificha kwenye mafuta ya mwili, na ini la mzee huisafisha taratibu. Kwa kijana, nusu yake huondoka kwa takriban siku moja. Kwa mtu wa miaka 80 inaweza kuchukua siku tatu au zaidi. Kidonge cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi bado vimo.

Ulimi wake ukawa mzito. Akawa anafunga vifungo vya blauzi kombo, na mtoto huyu anamwita kwa jina la yule. Sote tukakubaliana ni uzee, wana wakaanza kuulizana nani atamchukua. Usiku mmoja, akienda chooni, alishika pazia akidhani ni ukuta. Nyonga ikavunjika.

Daktari aliyempokea alitaka dawa zote ziletwe, hata zilizonunuliwa bila cheti. Mfuko ulipomwagwa mezani zilionekana pakiti mbili zenye majina tofauti ya biashara, kila moja kutoka kwa mtu tofauti. Kwa maandishi madogo chini, zote mbili ni diazepamu. Juu yake kulikuwa na vidonge vya mafua, na vyenyewe vinalewesha. Diazepamu ilipunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Leo mama anatembea na mkongojo, lakini hesabu ya chenji humdanganyi hata senti.

Kwa hiyo, kabla hujatamka neno uzee, mwaga mfuko mezani. Soma jina la dawa yenyewe, si la biashara. Orodha ya Beers ya Marekani, ya dawa zisizowafaa wazee, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1991, inashauri wenye miaka 65 na zaidi waepushwe na diazepamu na jamaa zake, na sababu ni hizi hizi: kuanguka na kuchanganyikiwa.

Usikimbilie vidonge vya mafua na mzio kama dawa ya usingizi eti kwa kuwa ni vyepesi. Klorofeniramini na prometazini huweza kumfungia mzee mkojo, kumpa choo kigumu na kumvuruga akili.

Ukigundua tatizo, usizitupe dawa siku hiyo hiyo. Aliyezoea diazepamu akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Daktari ndiye apange namna ya kushuka.

Pombe, hapana kabisa. Akiwa anatumia dawa kali za maumivu kama tramadoli au mofini, daktari ajue kabla, kwani zikikutana na dawa ya usingizi huweza kuzima pumzi. Vivyo hivyo anayekoroma kisha pumzi ikakatika usingizini. Usimwazime vidonge vya jirani. Pakiti isikae kando ya mto, maana atasahau kwamba amemeza na atameza tena. Taa ya njia ya chooni iwake, mkeka unaoteleza uondolewe. Dawa za mitishamba nazo zitajwe kwa daktari. Na akiwa haamshiki, au anapumua polepole mno, mkimbize hospitali na pakiti zote mkononi.