SOMO: Kukata rufaa kesi ya kujaribu kuua kwa bunduki (Uganda). Soma kabla hujanipigia

Wiki hii wamenipigia watu wanne na swali ni moja: "Ndugu yetu kafungwa, tuanzie wapi?" Naandika mara moja, nisiulizwe tena. Mimi si wakili. Nilihangaikia rufaa ya kaka yangu kati ya Arua na Kampala, na tangu hapo nasaidia jamaa za wafungwa. Haya ni ya kesi iliyohukumiwa na Mahakama Kuu, ambayo rufaa yake huenda Mahakama ya Rufaa. Ya hakimu mkuu huenda Mahakama Kuu, ila siku za notisi ni zilezile.

1. Siku ya hukumu andika namba ya kesi, tarehe na jina la jaji.

2. Notisi ya rufaa, ndani ya siku 14. Hapa ndipo nilipoharibu. Karani mmoja aliniambia, "Ngojeni nakala ya hukumu, mtapingaje msichokisoma?" Ikaniingia akilini. Nakala ilipotoka, siku 14 zilikuwa zimepita zamani. Kumbe notisi ni karatasi moja tu: fulani hakuridhika, anapinga kutiwa hatiani, au adhabu, au vyote viwili. Sababu hazitakiwi bado! Ikabidi tuombe kuongezewa muda kwa kanuni ya 5 ya Mahakama ya Rufaa, tuape kiapo, tueleze kwa nini tumechelewa. Miezi saba kaka yuko ndani na rufaa haijazaliwa.
Angalieni:
– Siku zinahesabiwa tangu hukumu isomwe, si tangu upate nakala.
– Inapelekwa kwa msajili wa Mahakama Kuu palepale kesi ilipoamuliwa. Usipande basi la Kampala.
– Aliye gerezani anaweza kuikabidhi kwa mkuu wa gereza. Abaki na nakala yenye muhuri na tarehe.
– Ukiandika "napinga adhabu" peke yake, umekubali kwamba kosa ulifanya.

3. Omba kwa maandishi mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Fuatilia, fuatilia.

4. Mkishapewa mwenendo, mna siku 14 kupeleka hati ya rufaa. Sababu fupi zenye namba. Hadithi na mabishano yangojee siku ya kusikilizwa.

5. Sababu zenyewe. Watu wengi huandika "jaji alikosea" wakaishia hapo. Kujaribu kuua si kujeruhi: lazima nia ya kuua ithibitishwe. Risasi ilimpata wapi, kifuani au kwenye unyayo? Zilipigwa ngapi, kwa umbali gani, mpigaji alisema nini? Nia isipothibitika, majaji wanaweza kushusha kosa liwe la kujeruhi. Kama ilikuwa usiku, someni kesi ya Abdalla Nabulere dhidi ya Uganda, juu ya shahidi kumtambua mtu: mwanga, umbali, muda wa kumtazama mtu, na kama shahidi alimfahamu kabla. Na kwa Kifamunte Henry dhidi ya Uganda, mahakama ya kwanza kusikiliza rufaa ina wajibu wa kupima upya ushahidi wote. Ikumbusheni.

6. Siku ya kusikilizwa mtakuta majaji watatu. Fikeni mapema.

MASWALI

Okello K: Bosi, tunangoja nakala ya hukumu ndipo tupeleke notisi. Iko sawa?
— Hatua ya 2. Isome.

Mama Shamim: Mwanangu, sina pesa ya wakili.
— Shikamoo mama. Kosa hili adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha, kwa hiyo Katiba, ibara ya 28(3)(e), inampa wakili wa kulipwa na serikali. Pale mahakamani ulizia "steti brifu", ndiyo jina la huyo wakili wa serikali kulipia. Ukikwama niandikie pembeni, nitakuandikia hiyo barua.

Afande Mstaafu: Bunduki haikupatikana. Kesi si imekufa?
— Haijafa, afande. Kuna maganda ya risasi, kuna waliosikia mlio, kuna fomu ya daktari. Hoji hivyo.

Dogo wa Bombo: Kwa hiyo hukumkwamisha kaka yako kwa sheria, ni kwa uzembe wako.
— Nimeandika mwenyewe kwamba niliharibu. Una swali?

Zubeda: Miaka ya rumandi inahesabiwaje? Jaji alisema tu "nimeizingatia".
— Swali zuri, dada. Tazama tarehe ya hukumu. Mwaka 2017, kwenye Rwabugande Moses dhidi ya Uganda, Mahakama ya Juu ilisema rumandi itolewe kwa hesabu, kwa sababu ya ibara ya 23(8). Jaji akiona miaka 20 inafaa, na mtu amekaa rumandi miaka 3 na miezi 4, inabaki 16 na miezi 8. Kama hukumu yenu ni ya baada ya hapo na hesabu haionekani, iwekeni kwenye hati.

Zubeda: Asante. Mwenendo tumepata jana, kurasa 90.
— Kabla ya kusoma, hesabu kurasa. Wetu uliruka kutoka 41 hadi 44, na zilizokosekana ndizo daktari alipokuwa akihojiwa na wakili wetu.

Zubeda: Nimehesabu. Hakuna 63.
— Andika barua kwa msajili leo hii.