SOMO: Jinsi ya kukokotoa kama kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo kunalipa (soma kabla ya kuuliza)

Swali ni lilelile kila wiki: kutokomeza PPR (ndiyo hiyo sotoka ya mbuzi na kondoo) kunalipa au ni kumwaga pesa? Nikimjibu mmoja leo, kesho anauliza mwingine. Nimeandika mara moja, atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Naongea juu ya sotoka ya mbuzi na kondoo, si homa ya mapafu ya mbuzi (CCPP). Bei zilizo kwenye mifano ni za kujifunzia, weka zako.

Hatua ya 1. Chora eneo kwa kufuata njia za mifugo na masoko, usifuate mpaka wa kaunti. Virusi vilipothibitishwa Turkana mwaka 2006 havikukaa Turkana.

Hatua ya 2. Gawa kundi: chini ya miezi 3, miezi 3 hadi 12, zaidi ya mwaka. Majike kando.

Hatua ya 3. Chagua muda na kiwango cha punguzo. Mimi hutumia 10%, maana yake shilingi 100 za mwaka wa 10 leo ni 38.55 tu.

Hatua ya 4. Hali "bila mpango". Hapa polepole. Niliwahi kuiharibu na nimeona wengi wakiiharibu vilevile. Unatafuta hasara itakayoendelea kila mwaka kama hakuna kitakachobadilika, si hasara ya mlipuko mbaya kuliko yote unaoukumbuka. Kundi ambalo halijawahi kuonja virusi linaweza kupoteza 80% au zaidi, lakini hilo ni la mara moja. Ugonjwa ukishazoea eneo, wakubwa waliopona hawaugui tena, na wanaokufa zaidi ni wadogo walioishiwa na kinga ya mama, ambayo hukatika wakiwa na miezi 3 au 4. Ukichukua ile 80% ukaizidisha kwa miaka 15, utaua mbuzi wengi kuliko waliopo.

Onyo la pili: bei. Mbuzi aliyekufa bomani usimpigie bei ya Kiamaiko, soko la mbuzi na machinjio la Nairobi. Kama Kiamaiko ni 9,000 na bomani ni 5,500, ile 3,500 ni lori, ushuru na dalali, na mbuzi aliyekufa hakupanda lori. Tumia 5,500.

Onyo la tatu, na hili ndilo hujificha: usihesabu kitu mara mbili. Anayenunua jike hanunui nyama peke yake, ananunua maziwa na watoto atakaozaa, na vyote vimo ndani ya bei. Ukiandika bei ya jike aliyekufa, kisha safu nyingine ya maziwa yaliyopotea na nyingine ya watoto ambao hawakuzaliwa, umemuua mara tatu. Maziwa yaliyopotea yaandikie majike yaliyougua na kupona, pamoja na mimba zilizotoka. Kisha ongeza antibayotiki ambazo wafugaji hununua kwa mfuko wao, chanjo za dharura na siku ambazo soko limefungwa.

Hatua ya 5. Gharama. Chanjo yenyewe (aina ya Nigeria 75/1, taasisi ya chanjo za mifugo KEVEVAPI huitengeneza hapahapa nchini) ndiyo rahisi. Pesa huliwa na gari, mafuta, posho, barafu na siku ambayo mfugaji anazuia mbuzi bomani badala ya kuwapeleka malishoni. Gawanya kwa mbuzi aliyepata kinga, si kwa dozi. Tuseme chupa ya dozi 100 imefika bomani kwa jumla ya shilingi 4,500. Boma lina mbuzi 60 na la pili liko saa tatu mbele. Chanjo iliyochanganywa haiwezi kungoja safari hiyo, kwa hiyo dozi 40 zinamwagwa. 4,500 kwa 60 ni 75. Ikiwa 9 kati ya 10 waliodungwa wanapata kinga, ni 83. Huyo bosi aliyeandika 45 kwenye bajeti ataishiwa na pesa katikati ya kampeni.

Hatua ya 6. Kinga huvuja. Mbuzi aliyechanjwa hukaa na kinga miaka 3 au zaidi, lakini kundi hubadilika. Ukichanja ukapata 80%, kisha theluthi ya kundi ikauzwa, ikachinjwa na nafasi yake ikachukuliwa na wadogo, baada ya mwaka umebaki na 53%. Ndiyo maana mkakati uliozinduliwa Abidjan mwaka 2015 na FAO pamoja na shirika la afya ya wanyama duniani unataka kuchanja wote waliozidi miezi 3 kwa miaka 2 mfululizo, kisha wadogo kwa mwaka mmoja au miwili.

Hatua ya 7. Linganisha kudhibiti na kutokomeza. Si kutokomeza na kukaa bure. Mfano, kwa mamilioni:

Kudhibiti: chanjo za milioni 10 kila mwaka bila mwisho, na bado hasara ya 6. Jumla 16 kwa mwaka. Kwa punguzo la 10% la hatua ya 3, thamani ya sasa (miaka yote ikirudishwa kwenye pesa za leo) ni 160.

Kutokomeza: 30 kwa mwaka kwa miaka 4, hasara ya 3 kwa miaka hiyo, kisha ufuatiliaji wa 5 kwa mwaka kwa miaka 5. Thamani ya sasa: 95.1 + 9.5 + 12.9 = 117.5.

Wengi hufunga Excel hapo na kushangilia. Sasa chukulia umefika mwaka wa 4, virusi bado vipo na unarudi kudhibiti. Umelipa 104.6 (95.1 + 9.5), na kudhibiti kuanzia mwaka wa 5 ni 109.3. Jumla 213.9. Ukifaulu unaokoa 42.5 (160 − 117.5), ukishindwa unapoteza 53.9 (213.9 − 160). Kwa hiyo uwezekano wa kushindwa ukizidi 44% (42.5 kati ya 96.4), ni nafuu kudhibiti. Kutokomeza nusunusu ndiyo njia ya gharama kuliko zote tatu.

Hatua ya 8. Badilisha bei, idadi ya waliochanjwa na punguzo, kimoja kimoja, uone jibu linageuka wapi.

MASWALI

Jogoo254: Mkuu kwa ufupi tu, kunalipa ama hakulipi?
Jibu: Hatua ya 7.

Jogoo254: Lakini nilisoma kuwa faida ni 34 kwa 1. Mbona wewe unatuletea 44%?
Jibu: Hayo ni makadirio ya dunia nzima yaliyochapishwa 2016, na yanahesabu kazi iliyomalizika. Mimi nimeuliza itakuwaje isipomalizika. Hayo ni maswali mawili, na ungeyaona kama ungesoma mpaka chini.

Mwanafunzi wa Kabete: Asante sana mwalimu. Huo uwezekano wa kushindwa naupata wapi? Siwezi kuandika 30% kwa kukisia.
Jibu: Swali zuri. Usitafute namba moja, itafute kwa vipande. Kwanza, kinga halisi: chukua damu mwezi mmoja baada ya chanjo, kwa makundi ya umri. Wadogo wakiwa chini sana, mpango unavuja. Pili, hesabu njia ambazo mbuzi wasiochanjwa huingilia. Tatu, bajeti ya mwaka wa 3 na wa 4 imeshatengwa au ni ahadi? Mipango mingi hufia hapo, visa vikipungua na wakubwa wakaanza kuona pesa zinapotea bure. Kumbuka pia kwamba kipimo cha damu hakitofautishi kinga ya chanjo na ya ugonjwa. Ili utambuliwe huru na ugonjwa unahitaji miezi 24 bila kisa na bila chanjo. Hiyo miezi usiisahau kwenye safu ya ufuatiliaji.

Baba Lemayian: Sotoka ya ng'ombe iliisha kweli, au ni maneno ya wakubwa?
Jibu: Iliisha, mzee wangu. Kisa cha mwisho kujulikana kilionekana Mbuga ya Meru mwaka 2001, na tangazo likatoka 2011. Angalia hiyo miaka 10. Ukiweka ufuatiliaji wa miaka 10 badala ya 5 kwenye mfano wangu, 117.5 inakuwa 125.6 na kile kizingiti kinashuka kutoka 44% hadi 39%.

Mama Halima, Kiamaiko: Sisi tunapokea mbuzi wa kaskazini kila siku na wanachinjwa papo hapo. Watuhesabu wa nini?
Jibu: Wa kisu hawana neno, mama. Shida ni wale majike wazuri wanaokosa mnunuzi asubuhi, jioni wanachukuliwa na mtu wa kwenda kufuga Kajiado. Mbuzi akiwa na virusi hukaa siku 4 hadi 6 kabla ya kuonyesha homa na makamasi, kwa hiyo anaondoka akionekana mzima. Hiyo ni njia ya kuingilia, iandike kwenye hatua ya 1.

Kibet_mbuzi: Kwa nini serikali ilipe? Si kila mtu achanje wake?
Jibu: CCPP mfugaji hulipa kwa urahisi kwa sababu anaona faida bomani kwake. Kwa kutokomeza, mbuzi wa mwisho wa kuchanjwa anamfaidi jirani kuliko mwenyewe. Ukimtoza bei kamili, atachanja 20 kati ya 60.

Kibet_mbuzi: Basi CCPP na PPR nitie kwenye sirinji moja, nipunguze gharama.
Jibu: HAPANA. Safari moja sawa, sirinji mbili, pande mbili za mwili. Kinachogawanywa ni mafuta na posho. Na sirinji ichemshwe na ipoe, usiioshe kwa dawa ya kuua viini. Chanjo hii ni virusi hai; dawa inaviua ndani ya sirinji na utachanja maji.

Mwanafunzi wa Kabete: Chanjo zinazostahimili joto zitaondoa zile dozi 40?
Jibu: Zitapunguza barafu na friji, lakini chupa ikishachanganywa saa zinahesabika vilevile. Dawa ya zile 40 ni ukubwa wa chupa. Hata hapo piga hesabu kwanza: chupa za dozi 50 kwa boma la mbuzi 60 ni chupa mbili, unamwaga 40 zilezile. Kwa boma la 45 unamwaga 5 badala ya 55.