Somo: Namna ya kuomba mpango wa marejesho madeni yanapokuzidi

Nimeamua kuandika somo hili mara moja na kwa ukamilifu, kwa sababu swali lilelile limekuwa likinijia kwa sura mbalimbali: mtu anadaiwa na wakopeshaji kadhaa, mapato yake hayatoshi kuwalipa wote kama mikataba inavyotaka, naye anataka kujua aanzie wapi. Kuanzia leo nitamwelekeza hapa. Somo linamhusu mtu ambaye bado ana mapato fulani, hata yakiwa madogo. Asiye na mapato kabisa anapaswa kuomba kusitishiwa malipo kwa muda, au kuulizia utaratibu wa ufilisi ikiwa sheria za kwake zinauruhusu, na hayo si ya somo hili.

Hatua ya kwanza. Acha kukopa, hasa kukopa kwa huyu ili umlipe yule.

Hatua ya pili. Orodhesha madeni yote kwa karatasi: jina la mdai, deni la msingi lililobaki (yaani kiasi ulichokopa, bila riba), riba, adhabu za kuchelewa, tarehe ya malipo, dhamana na mdhamini. Mwombe kila mkopeshaji taarifa ya mkopo wako badala ya kutegemea kumbukumbu, na usiliache nje deni la ndugu kwa kuwa halina mkataba.

Hatua ya tatu. Yapange madeni kwa ukubwa wa madhara yatakayokupata usipolipa, wala si kwa ukali wa anayedai. Mara nyingi anayepiga simu asubuhi na jioni ni yule asiyeshika dhamana yoyote, na ndiyo maana hana silaha nyingine ila simu. Mbele huja kodi ya pango, umeme na maji, pamoja na mkopo uliowekewa nyumba au chombo unachofanyia kazi. Baada ya hapo huja deni lenye mdhamini, kwa kuwa ukikwama wewe ataandamwa yeye. Yasiyo na dhamana wala mdhamini huja mwisho, ingawa nayo yatalipwa.

Hatua ya nne. Tafuta kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kuyumba. Chukua mapato halisi ya miezi mitatu au zaidi, toa gharama za kuishi na malipo ya mstari wa mbele, kisha acha akiba ndogo ya dharura, kwani mpango usio na akiba huvunjwa na homa ya mtoto mmoja. Kinachobaki kigawe kwa wadai waliosalia kulingana na ukubwa wa deni la kila mmoja. Ikiwa unadaiwa 300,000, 200,000 na 100,000, na umebakiwa na 24,000 kwa mwezi, basi watapata 12,000, 8,000 na 4,000. Mgawo huu una faida moja kubwa: unaweza kumwonyesha kila mdai orodha nzima, naye akaona kwamba hakuna aliyependelewa. Usiahidi zaidi ya hapo kwa sababu ya aibu au kwa sababu ofisa wa mikopo amekukazia macho. Mdai atasahau kwamba ulianza na kiasi kidogo, lakini hatasahau kwamba ulivunja ahadi mwezi wa pili.

Hatua ya tano. Andika barua kwa kila mdai. Taja namba ya mkopo, eleza kwa sentensi chache kilichobadilika katika mapato yako, ambatisha orodha ya mapato na matumizi, taja kiasi unachopendekeza na tarehe ya kulipa, kisha omba riba na adhabu zisimamishwe kwa muda wote wa mpango. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, au uthibitisho mwingine wa kufika kwa barua. Machozi yasiwe mengi katika barua hiyo. Hesabu ndiyo itakayosomwa.

Hatua ya sita. Pata jibu la maandishi kabla ya kulipa rejesho la kwanza la mpango mpya. Hapa ndipo mipango mingi niliyoiona imeharibika, wa kwangu ukiwamo, nami naomba msomaji atulie kwa muda. Neno la ofisa anayesema kwa simu kwamba “wewe anza kulipa tu, mambo mengine tutayaweka sawa” halijabadilisha chochote katika mkataba wako. Mkataba wa zamani bado unafanya kazi, riba inaendelea kuhesabiwa, na kila siku unayolipa pungufu huandikwa kuwa umechelewa.

Lililo baya zaidi ni mpangilio wa makato. Mikataba mingi huelekeza kwamba pesa inayoingia ifute kwanza adhabu na gharama, halafu riba, na deni la msingi liguswe mwisho. Tuchukue deni la 600,000 lenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa salio linalopungua, yaani riba huhesabiwa kwa deni lililobaki tu, na marejesho ya 20,000 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 18,000, kwa hiyo deni la msingi linapungua kwa 2,000 tu. Riba ikisimamishwa, deni hilo linakwisha kwa miezi 30. Isiposimamishwa, kwa marejesho yaleyale, linakwisha kwa takriban miezi 78, nawe utakuwa umelipa zaidi ya mara mbili na nusu ya ulichodaiwa. Hapo hatujaongeza adhabu hata moja. Adhabu zikiingia, 20,000 yako inaweza isitoshe hata kufuta yanayozaliwa kila mwezi, na salio likapanda huku unalipa kwa uaminifu.

Kwa hiyo maandishi unayoyasubiri ni lazima yajibu mambo haya: salio linaloanzia mpango ni kiasi gani, riba na adhabu zimesimamishwa, zimepunguzwa, au zinaendelea, pesa itafuta nini kwanza, mkopeshaji atasitisha hatua za mahakamani na za wakusanyaji madeni ilimradi unalipa, rejesho moja likichelewa kuna siku ngapi za kurekebisha kabla mpango haujavunjwa. Kuwa mwangalifu na fomu iliyokwisha kuchapishwa ambayo ndani yake unakiri salio jipya lililokwisha kujumlishwa adhabu zote za nyuma, kwa sababu ukisaini hilo ndilo linakuwa deni lako, na mlango wa kubishana juu yake huwa mwembamba sana. Usiongeze dhamana mpya ili kuupata mpango. Usiweke saini siku hiyohiyo uliyopewa karatasi. Anayekunyima usiku mmoja wa kuisoma amekueleza yaliyomo.

Hatua ya saba. Lipa siku ileile kila mwezi na utunze stakabadhi.

Hatua ya nane. Ukiona mwezi unaokuja utakwama, toa taarifa kwa maandishi kabla ya tarehe, usingoje ipite.

Kuhusu washauri wa madeni: palipo na huduma ya bure au ya gharama nafuu inayosimamiwa na taasisi inayowajibika, itumie, kwa kuwa barua ya mshauri anayefahamika mara nyingi hujibiwa haraka kuliko ya mdaiwa peke yake. Mkimbie anayedai ada kubwa kabla ya kufanya lolote, anayekuahidi kufuta nusu ya deni kabla hajaona mkataba, au anayekutaka uache kabisa kuwasiliana na wadai.

Maswali ya wanachama

Swali: Ndugu mwandishi, asante kwa somo. Je, naweza kuanza kulipa kiasi kipya wakati nasubiri jibu, ili waone nia yangu njema?

Jibu: Hatua ya sita, sentensi ya kwanza.

Swali: Sijaorodhesha kila kitu, lakini kwa jumla nadaiwa kama laki sita na ushee hivi. Nipendekeze kiasi gani kwa mwezi?

Jibu: Siwezi kukupa jawabu la hesabu ambayo wewe mwenyewe hujaifanya. Maliza hatua ya pili na ya nne, kisha urudi na namba. “Na ushee” haiandikwi kwenye barua.

Swali: Mapato yangu ni ya msimu. Kuna miezi napata vizuri na miezi sipati karibu kitu. Nikitumia wastani naona nitakwama, na nikitumia mwezi mbaya kiasi kinakuwa kidogo mno hadi naona haya kukipendekeza. Nifanyeje?

Jibu: Umeuliza vizuri, na wasiwasi wako juu ya wastani ni wa haki, kwa sababu hakuna mtu anayeishi kwa wastani. Pendekeza mpango wenye ngazi mbili: kiwango cha chini kinachotokana na miezi mibaya, ambacho utakilipa mwaka mzima bila kukosa, na nyongeza inayotajwa kwa miezi ya mavuno ya kazi yako. Ambatisha rekodi za mwaka mzima, ili mdai aone msimu kwa macho yake badala ya kuusikia kwa maneno yako. Omba pia iandikwe kwamba ukilipa zaidi ya kiwango hutozwi faini ya kumaliza mapema, na kwamba ziada hiyo itapunguza deni la msingi moja kwa moja. Usikionee haya kiwango cha chini. Kinachompa mkopeshaji usingizi ni uhakika.

Swali: Mdhamini wangu ni shemeji. Nikipata mpango mimi, naye anakuwa salama?

Jibu: Si lazima, na hili watu wengi hawalijui. Unafuu uliopewa wewe haumfungi mkopeshaji kumwacha mdhamini, isipokuwa makubaliano yaseme hivyo, kwa hiyo omba kifungu kinachosema wazi kwamba mdhamini hatadaiwa maadamu marejesho ya mpango yanalipwa. Kuna na upande wa pili. Katika sheria za nchi nyingi, kubadilisha masharti ya mkopo bila ridhaa ya mdhamini kunaweza kumwondolea mzigo wake, na ndiyo sababu mkopeshaji atataka shemeji yako asaini karatasi mpya. Mpe muda wa kuisoma, ikiwezekana na mwanasheria, maana huenda anaongezewa miaka ya kudhamini kitu alichodhani kinaelekea kwisha. Na umwambie leo, kabla hajaambiwa na wao.

Swali: Naona somo zima limeandikwa kwa faida ya wakopeshaji. Mbona hutufundishi namna ya kutolipa kabisa?

Jibu: Kwa sababu somo linahusu mpango wa marejesho, na kichwa chake kinasema hivyo. Nimetumia hatua ndefu kuliko zote kueleza namna ya kuzuia riba isikumeze. Nisingeiita hiyo faida ya mkopeshaji. Mwenye deni asilolitambua, au lililotozwa kinyume cha mkataba, alipinge kwa maandishi, nami nitamuunga mkono.

Swali: Kuna taasisi imenipa pendekezo la kuunganisha madeni yangu yote manne kuwa mkopo mmoja, na rejesho la mwezi linashuka karibu nusu. Je, si afadhali kuliko kuandika barua nne?

Jibu: Huenda ikawa afadhali, lakini rejesho la mwezi halikuambii hilo. Zidisha rejesho kwa idadi ya miezi, ongeza ada za kuandaa mkopo na bima, kisha linganisha na jumla ya yale manne. Rejesho hushuka kwa urahisi pale muda unaporefushwa, na jumla ikapanda kimyakimya. Angalia pia kama madeni yasiyo na dhamana yanageuzwa kuwa mkopo uliowekewa nyumba. Ukifanya hivyo utakuwa umemwondoa mpiga simu na kumkaribisha dalali wa mnada.

Swali: Nimepigiwa simu na kampuni inayosema imelinunua deni langu la zamani, la miaka mingi nyuma, nao wananitaka nilipe japo kidogo leo. Sikumbuki hata salio. Somo hili linanihusu?

Jibu: Bado. Usilipe na usikiri lolote kwa sasa. Omba kwa maandishi uthibitisho kwamba deni limehamishiwa kwao, pamoja na mkataba wa awali na mchanganuo wa salio, kisha thibitisha kwa mkopeshaji wa mwanzo. Nchi nyingi zina ukomo wa muda wa kupeleka dai mahakamani, na mara nyingi kukiri deni kwa maandishi au kulipa sehemu yake huanzisha hesabu ya muda huo upya. Hayo “japo kidogo leo” yana maana kubwa kuliko yanavyosikika. Pata mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kuwajibu chochote zaidi ya ombi hilo.

Swali (muulizaji huyohuyo): Nashukuru sana. Nao wakikataa kuandika na kung’ang’ania simu?

Jibu: Kila mazungumzo yakiisha, watumie ujumbe mfupi au barua pepe ya muhtasari: “Leo, tarehe fulani, mmenieleza hivi, nami nimeomba hivi.” Wasipoukanusha, una kumbukumbu ya siku hiyo ambayo wao hawana namna ya kuifuta.

Nyongeza ya mwanachama: Naomba kuongezea juu ya stakabadhi. Zile zinazotoka kwenye mashine za karatasi nyororo hufifia hadi kubaki nyeupe, hasa zikiwekwa kwenye joto au ndani ya mfuko wa plastiki. Mimi huzipiga picha siku hiyohiyo, na nyingine huzitoa nakala.

Jibu: Nyongeza nzuri, na hatua ya saba ilistahili kuwa nayo. Nami niongeze nyingine iliyo jirani yake: ikiwa mshahara wako unaingia kwenye benki ileile inayokudai, soma mkataba uone kama umewapa haki ya kukata salio lako kufidia deni. Wakiwa na haki hiyo, wanaweza kuichukua pesa uliyoitenga kwa kodi ya pango kabla hujaamka, na mgawo wote wa hatua ya nne ukavurugika. Fungua akaunti mahali usipodaiwa, uhamishie mapato huko, na yule benki mlipe kutoka hapo kama wadai wengine.