Jinsi ya Kusoma Riwaya ya Kisasa kwa Jicho la Mkristo

Mwongozo huu ni wa kikundi kidogo cha kanisani, watu 5 hadi 8, kinachotaka kusoma riwaya isiyo ya dini na kuijadili. Ukisoma peke yako hatua ni zilezile, ila utakosa mtu wa kukubishia.

1. Chagueni kitabu. Kurasa 150 hadi 250 zinatosha. Kiongozi akimalize kwanza, kisha awaambie wenzake mapema kama kina matusi, ngono au ukatili. Ambaye dhamiri yake inamkataza akae pembeni bila kusemwa. Warumi 14 inamlinda.

2. Someni mara ya kwanza bila kalamu. Wengi huharibu hapa, kwa kusoma huku wakihesabu dhambi. Hesabu ya matusi haikuambii kitabu kinasema nini. Ipo riwaya yenye lugha chafu inayoulaani uchafu, na ipo nyingine safi kabisa inayofundisha kwamba mtu anajitosheleza. Hiyo ya pili ndiyo hupita bila kukaguliwa.

3. Rudieni na daftari. Gawa ukurasa safu tatu: tukio, mhusika anataka nini, na kitabu chenyewe kinalionaje tukio hilo. Safu ya tatu ndiyo ngumu.

Tuseme kijana anawadanganya polisi ili kumficha kaka yake. Usiandike "uongo, Kutoka 20:16" ukafunua ukurasa. Tazama mwandishi anafanya nini baada ya uongo ule. Sura inayofuata inampa kijana usingizi mnono, au anaanza kumkwepa mama yake mezani? Yule aliyeumizwa na kaka mtu ana jina na sauti, au ametajwa mara moja akasahaulika? Msimamo wa kitabu umejificha humo, wala si katika maneno anayoyasema mhusika. Tena msimulizi si mwandishi: huenda amewekwa makusudi awe mwongo, ili msomaji amshtukie.

4. Andikeni hoja ya kitabu kwa sentensi tatu. Kwa mujibu wa kitabu hiki, kilicho chema ni nini? Kimeharibiwa na nini? Kitaponywa na nini? Msomee mtu aliyekipenda kitabu. Akisema "sivyo kabisa", rudini hatua ya 3, kwa maana ajibuye kabla hajasikia, ni upumbavu na aibu kwake (Mithali 18:13).

5. Sasa pimeni kwa Maandiko. Fuateni mwendo wa Paulo kule Athene, Matendo 17. Roho yake ilichukizwa na sanamu (mst. 16), lakini alizunguka akiziangalia ibada zao (23), akamnukuu mtunga mashairi wao (28), ndipo akatangaza toba na ufufuo bila kuficha (30–31). Kwa hiyo kila mmoja alete jambo moja la kweli, hamu moja ambayo kitabu kinaigusa bila kuishibisha, na jambo moja linalopingana na Injili. Kikundi kilicholeta sifa tupu au lawama tupu hakijamaliza kazi.

Jihadharini na kumwona Kristo kila mahali. Mhusika akifa badala ya mwenzake, ulizeni: kifo hicho kinaondoa hatia ya mtu, au kinaonyesha ushujaa tu? Mara nyingi ni ushujaa, na ushujaa una thamani yake bila kubatizwa.

6. Mjadala, dakika 90. Dakika 15 za kukumbushana kisa, 40 za hoja ya kitabu, 35 za kupima. Mistari ya Biblia isubiri sehemu ya tatu. Ikitangulia, mazungumzo hufungwa kabla hayajaanza. Mchungaji akiwepo aseme mwisho, maana akifungua yeye, wengine wote wataitikia "amina".

Kabla ya kutawanyika, kila mtu aandike swali moja atakalomuuliza rafiki asiyeamini aliyekisoma kitabu hicho. Liwe swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake.